Nilivyomtangazia Dokta kuwa ardhi ya Muleba inabanwa, halafu nikafungua data ghafi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, hapa hapa Kagera, na sijaongeza chumvi. Ningeweza kuongeza, ila mimi ni mtu wa kusahihisha sana, ningerudi kuitoa. Uzi huu nimeuandika mara sita. Huu mnaosoma ni wa saba.

Kwanza mnijue kidogo.

Nina miaka ishirini na sita. Natengeneza simu Bukoba mjini. Chuo sikufika. Nina ugonjwa mmoja, kitu kikiwa sawa kwa asilimia tisini na tisa, mimi silali kwa ile moja iliyobaki. Mteja akileta simu kubadilisha kioo, anaondoka nayo ikiwa na kioo kipya, spika imesafishwa, na picha zake zimepangwa kwa tarehe. Wengine wamewahi kunigombeza kwa hilo la mwisho.

Lile tetemeko kubwa lililotubomolea nyumba miaka ile lilinikuta shuleni. Watu wote walikuwa wanauliza, litarudi? Mimi nilibaki na swali lingine. Chini kule kumetokea nini hasa? Nani kamsukuma nani?

Basi nikaanza kusoma mwenyewe mtandaoni, kwa bando la dukani. Miaka minne.

Niwaeleze kwa ufupi, maana bila hapa hamtanielewa mbele.

Tetemeko ni ufa chini ya ardhi umeteleza. Kazi ni kujua umetelezaje. Ardhi ikivutwa huku na huku, upande mmoja unateremka. Ikibanwa, upande mmoja unapanda juu ya mwenzake. Au pande mbili zinapishana tu kama watu kwenye mlango mwembamba.

Huwezi kwenda kuchungulia. Unategemea wimbi la kwanza linalofika. Kuna nyumba litaisukuma juu kidogo, kuna nyumba litaivuta chini kidogo. Ukijua nani kasukumwa na nani kavutwa, unarudi nyuma mpaka kwenye ufa. Halafu unaiambia kompyuta ijaribu maelfu ya namna ambazo ufa ungeweza kuteleza, itengeneze mawimbi ya kila namna, ulinganishe na uliyoyapokea. Inayofanana zaidi ndiyo jibu. Jibu lenyewe linachorwa kama kampira kenye madoa meusi na meupe.

Kwa hiyo kila kitu kinasimama kwenye swali moja la mtoto wa chekechea, limeanza kwenda juu au chini?

Likumbukeni hilo swali.

Nikatengeneza masanduku manne. Kila moja lina sensa ya kupima mtikisiko, ya ukoo ule ule wa iliyomo kwenye simu yako ila bora zaidi, imezamishwa kwenye zege ili isicheze, na laini ya simu ya kunitumia data. Sanduku moja uzito wake kama debe la maji lililojaa nusu.

Moja nikaliweka Bukoba mjini, sebuleni kwa mama mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura. La pili Kanazi kwa mjomba. La tatu Rubya, wilayani Muleba, kwa shangazi. La nne Ijumbi, Muleba hiyo hiyo, kwa mama yangu mzazi.

Kila nyumba niliiachia karatasi ya masharti kumi na moja. Usiweke kitu juu yake. Usifagie karibu yake kwa nguvu. Kuku wasipite. Na kadhalika. Juu ya mfuniko nikachora mshale wa kaskazini, nikaandika kwa rangi nyekundu, herufi za kiganja kizima: USIGUSE.

Mshale wa kaskazini niliupima kwa dira mara tatu. Mshale wa juu sikuchora. Nani asiyejua juu ni wapi?

Sasa twende kwa Dokta.

Kuna kundi la WhatsApp la wapenzi wa mambo ya miamba. Humo yumo mama mmoja mtaalamu wa matetemeko, chuo chake sikitaji. Alitangaza anatafuta fundi mmoja, mkataba wa mwaka mmoja, wa kumfungia na kumtunzia vipimo Kagera nzima. Nikamwandikia kuwa sina vyeti.

Akanijibu, "Vyeti ninavyo mimi vya kutosha. Nionyeshe tetemeko moja, hata dogo, ulilolifanyia kazi mwenyewe mwanzo hadi mwisho."

Wakuu, kazi ile niliitaka kiasi kwamba chakula hakikupita. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu pekee ya kutoka kwenye vioo vya simu kuingia kwenye kitu ninachokipenda. Kwa mtu asiye na cheti, mlango kama huo haufunguki mara mbili.

Nikaanza kuomba tetemeko. Dogo tu. Lisiumize mtu, lisidondoshe hata sahani. Najua ni dhambi, nimekwisha kuiungama.

Wiki ya tano, Jumamosi asubuhi saa nne, likaja. La kugonganisha vikombe. Nilikuwa dukani na simu ya mteja imefunguliwa tumbo. Watu wote wa mtaa walikimbilia nje, mimi peke yangu nikakimbilia ndani kuwasha laptop.

Mama akapiga.

"Muganyizi, limepita! Tulikuwa kwenye jumuiya, tumefika kwenye maombi. Umeliona?"

"Nimeliona mama. Wote wazima?"

"Wazima. Mbona unacheka?"

Masanduku yote manne yalikuwa yamelinasa.

Nikafunga duka siku tatu. Nikasafisha data. Hapo ndipo ninapojisifu, kusafisha. Niliandika programu yangu mwenyewe, mistari mia mbili, kila faili likiingia linatoka linang'aa. Kelele za bodaboda nje. Namba zilizohama kutoka sifuri, zinarudishwa sifuri. Kila mchoro umekaa katikati ya mstari kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Nikasoma wimbi la kwanza. Ijumbi juu. Rubya juu. Kanazi juu. Bukoba mjini chini.

Nikaiachia kompyuta ijaribu. Ilipomaliza, mawimbi yake na mawimbi yangu yalilaliana mpaka huwezi kuona mstari upi ni upi.

Jibu likasema ardhi inabanwa.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Maana vitabu vyote nilivyosoma vinasema ardhi ya ukanda wetu inavutwa. Mimi, fundi simu, nimekuta inabanwa. Nikaona kabisa jina langu kwenye karatasi za watu wakubwa. Nikatumia siku nzima kuchagua rangi ya kampira.

Nikamtumia Dokta. Halafu nikafanya kosa la pili, nikampigia mama.

Kesho yake jumuiya nzima ilikuwa inajua. Jirani yetu Ta Rwegasira, mzee ambaye hajawahi kukubali jambo bila maelezo, akanipigia mwenyewe.

"Kijana, mama yako anasema tunabanwa."

"Ndiyo Ta, shikamoo."

"Marahaba. Tunabanwa na nani?"

"Si mtu, Ta. Ni ardhi, pande mbili zinasukumana."

"Upande wa pili ni wa nani? Isije ikawa watu wa Bukoba, maana wale hata barabara walianza wao."

Nikacheka, nikaona sifa zinaanza kuja.

Jibu la Dokta lilifika Ijumaa mchana. "Hii ikiwa kweli ni jambo kubwa. Jumatatu nina kikao na wenzangu, nataka niwaonyeshe. Nitumie data ghafi, kabla hujaisafisha."

Wakuu, niliona aibu. Data ghafi? Ni kama mgeni amesema asante kwa chai, sasa nionyeshe chumbani kwako. Mimi sikuwahi kuitazama hata mwenyewe. Ilikuwa inaingia kwenye programu moja kwa moja, naonana nayo ikiwa imekwisha oga.

Nikasema nifungue niipange pange kidogo kabla ya kuituma.

Hapa tena nieleze kitu kimoja. Sensa ya aina hii haipimi mtikisiko peke yake. Inasikia pia mvuto wa dunia, huu unaotukalisha kwenye viti. Kwa hiyo hata nyumba ikiwa kimya kabisa, haisomi sifuri. Inasoma kama tisa nukta nane, chanya. Programu yangu ilikuwa inaona hiyo tisa nukta nane kama uchafu, inaifuta.

Nikafungua faili la Ijumbi. Hasi tisa nukta nane.

Nikafungua Rubya. Hasi.

Kanazi. Hasi.

Bukoba mjini, mita kumi kutoka nilipokaa. Hasi.

Kwa mujibu wa data yangu, nyumba nne za watu wenye heshima zao zilikuwa zinaning'inia kichwa chini kutoka kwenye dari ya dunia, na wenyewe wamo ndani wanakunywa chai.

Nikadhani nimekosea waya. Nikarudi kwenye mafaili ya siku ya kwanza kabisa nilipoyafunga. Chanya, yote manne. Nikasogea siku kwa siku. Ijumbi, siku ya tatu, ghafla kuna vurugu ya nusu dakika, kisha namba imeruka kutoka chanya kwenda hasi na haikurudi tena. Nyumba nyingine vivyo hivyo, kila moja na siku yake.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwana wange. Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula. "Mama, lile sanduku."

"Lipo. Hakuna aliyeligusa."

"Hakuna kabisa?"

"Umeandika usiguse, nani aguse?"

"Hayo maandishi unayaona hapo ulipo?"

Nikasikia mbuzi.

"Mama?"

"Maandishi yako chini."

"Yamefikaje chini?"

"Sasa waitu, nikuulize. Mgeni anaingia kwangu. Anakaa. Nampa punje za kahawa atafune. Mbele ya macho yake kuna maandishi mekundu, usiguse. Si nimemwita mwizi? Ta Rwegasira aliyasoma kwa sauti, akaweka mikono yake mapajani kama yuko polisi. Kahawa hakushika, kiti hakusogeza. Mzee wa watu! Nikaona aibu, nikaligeuza likae vizuri."

"Mama, si ungefunika na kitambaa?"

"Uliandika nisiweke kitu juu yake. Namba moja. Karatasi yako hii hapa ukutani. Kugeuza hukuandika."

Wakuu, nilisoma upya masharti yangu kumi na moja. Kweli sikuandika.

Nikatoka nikavuka ua kwenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo Bi Zuhura. Lile sanduku langu nani aliligeuza?"

"Mimi," akasema bila kuinua macho. "Nilikuwa na dua ya marehemu. Sebule imejaa watu, sheikh kakaa pale. Wewe mwanangu ulitaka sheikh aambiwe usiguse nyumbani kwangu?"

"Hapana."

"Basi. Niliita vijana wawili wa hapo nje. Wakaniuliza mpangaji wako kaficha nini humu, jiwe la msingi?"

Shangazi wa Rubya, ambaye nyumba yake haikauki wageni wanaokuja kuona wagonjwa hospitali, alisema alilipindua siku ile ile nilipoondoka, basi langu likiwa halijafika njia panda. Mjomba wa Kanazi alijitetea kitaalamu kabisa. "Nililigeuza polepole, mjomba. Wala sikulitikisa."

Dini mbili, wilaya tatu, hakuna aliyempigia mwenzake, na wote wamefika kwenye uamuzi mmoja. Tena kama angelipindua mmoja tu, mawimbi yangegombana na ningeshtuka. Wamepindua wote, kwa hiyo kosa lilikubaliana na lenyewe vizuri kabisa. Juu ikawa chini, chini ikawa juu. Kuvutwa kukawa kubanwa.

Nikarudia hesabu nikiwa nimegeuza alama zote. Kompyuta ikanipa jibu kwamba ardhi inavutwa, kama vitabu vinavyosema. Na mawimbi yakalaliana vile vile, sawasawa na mwanzo. Hapo niliumia zaidi. Ule ulinganifu niliokuwa naushangaa siku zote hizo haukuwa umenithibitishia mwelekeo hata kidogo.

Sasa niwaambie jambo la aibu, maana niliahidi ukweli.

Nilikaa mbele ya laptop nikiwaza njia tatu. Ya kwanza, nizidishe data ghafi kwa hasi moja, niitume, Dokta atakuta chanya tisa nukta nane, na ugunduzi wangu utabaki. Ni mstari mmoja wa programu. Niliuandika, wakuu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ya pili, nimwambie Dokta kuwa kompyuta imekufa. Ya tatu mnaijua.

Kilichonizuia si wema. Nilimuwaza Ta Rwegasira. Kuna watu wanajenga kule, wanauliza maswali, na wataniuliza mimi. Nitawajibu nini kwa miaka yote, kwamba ardhi yao inabanwa kwa sababu sheikh alikuwa mgeni?

Nikafuta ule mstari.

Jumamosi asubuhi nikamtumia Dokta data ghafi kama ilivyo, pamoja na mchoro mpya na barua ya maelezo ya kurasa nne. Halafu nikaanza kuangalia email kila dakika mbili. Nikaangalia na kule kwenye takataka. Nikajitumia email mwenyewe kuona kama mtandao unafanya kazi. Ilifika mara moja, ikaniudhi.

Jumapili hakuna kitu. Jumatatu saa saba mchana, muda ambao kikao chake kilitakiwa kiwe kimeisha, simu ikaita.

"Muganyizi?"

"Naam Dokta, shikamoo."

"Marahaba. Nimesoma barua yako. Kulikuwa na haja ya kunieleza ulichokula Ijumaa?"

"Nilitaka maelezo yakamilike, Dokta. Na sikula."

"Hilo nalo umeliandika." Nikasikia akifunua karatasi. "Nikuulize. Nisingekuomba data ghafi, ungegundua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa na sentensi tayari.

"Nisingegundua."

"Hm. Mimi nilipoona kampira kako nilisema hapa ama kijana amepata jambo, ama kuna kitu kimepinduka. Nikaona nisikuhukumu. Kwenye kikao nimeonyesha michoro yote miwili na barua yako, ukurasa wa pili, pale kwa mama yako na mgeni. Watu wamecheka mpaka mwenyekiti akaomba maji. Halafu wawili wamepiga simu vituoni kwao kuuliza vipimo vyao vimekaaje."

Nikaweka bisibisi chini.

"Mkataba utausaini Alhamisi. Ila barua zako kwangu zisizidi ukurasa mmoja."

Wakuu, nilikaa chini, kwenye sakafu ya duka, na mteja akiwa ananiangalia.

Kabla ya Alhamisi nilikwenda Ijumbi kuomba radhi jumuiya. Nilijiandaa kwa hotuba. Nikaeleza kuwa nilikosea, ardhi haibanwi, inavutwa, taratibu mno, na hakuna wa kulaumiwa Bukoba.

Ta Rwegasira alinisikiliza hadi mwisho.

"Juzi inabanwa, leo inavutwa. Kijana, ardhi ni lastiki?"

Watu wakaangua kicheko, na mama akacheka kuliko wote, kisha akanipakulia matoke sahani ya pili bila kuniuliza.

Sasa ni mwezi wa nne kazini. Ninafunga vipimo nyumba za watu, na siku hizi nikifika naweka begi chini, nasalimia, natafuna kahawa, nauliza mgeni hukaa wapi, ndipo nafungua vifaa. Maandishi mekundu nimeacha.

Wiki iliyopita Dokta alinitumia ramani ya matetemeko ya Kagera waliyoitengeneza. Tetemeko letu limo. Kampira kake ni kadogo kuliko punje ya ulezi, hakana jina langu wala la mtu yeyote. Nikampelekea mama kwenye simu, nikamwonyesha kwa kidole.

"Ndiyo hiki tu?"

"Ndiyo hiki."

"Siku zote zile hukula, kwa hiki?"

"Ndiyo mama."

Akaishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akauliza kama hawawezi kukiongeza ukubwa kidogo, kiwe sawa na vya wenzake.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Nilisafisha data mpaka nikafuta namba pekee iliyokuwa inaniambia ukweli. Ukiwa mtu wa kupenda vitu vinyooke kama mimi, angalia kwanza kilivyokuja kabla hujakinyoosha. Na chombo chako kikikaa nyumbani kwa mtu, muulize mwenye nyumba anaishi nacho vipi. Yeye ndiye ana taarifa ambazo laptop haina.

Nawaachia uwanja. Mafundi wa umeme, wa ving'amuzi, wa maji, semeni mlichokuta wenye nyumba wamekifanyia kazi yenu. Na wajuzi wa mawimbi, nikikosea mahali nisahihisheni, ila polepole. Nitayasoma maoni yote, mengine mara mbili.